Vipimo vya Bobini

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi na kichefuchefu. Si cha tumbo – cha watu.

Ofisi ya tathmini iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri. Ngazi zinanuka mkojo na dawa ya kuondoa mkojo, na dawa imeshindwa. Saa mbili nzima kwenye benchi lenye mguu mfupi. Mimi, mwanangu wa kike, na Bobini mtoto wake. Mtoto hakulia. Alizungusha kifungo cha gauni mpaka uzi ukakatika, nikamshonea pale pale. Sindano natembea nayo ukosini, kama wenzangu wanavyotembea na simu.

Wakamwita kwa jina la kwenye cheti. Hakugeuka. Angegeukaje? Tangu mama yake aliponiachia ana miaka miwili, mimi namwita Bobini, maana hakupenda kitu duniani kama kuzungusha bobini ya cherehani, kile kigurudumu cha uzi, mbele ya jicho lake. Sasa ana saba na anaitika kwa hilo tu.

Mtaalamu mwenyewe ni binti mdogo, kucha ndefu, kadi mkononi kama mcheza karata. Bibi Kadi, nimeshamwita hivyo na hatoki tena. Ana kikapu cha matunda ya plastiki. Ndizi ina alama za meno. Inanata. Mate ya watoto wa mji mzima yamekaukia pale, naye anampa mjukuu wangu ashike. Nikaichukua nikaifuta na kanga yangu, akaniangalia kama mimi ndiye mchafu.

Akatoa kadi ya pasi. "Hii ni nini?" Bobini akasema: "Usiguse, inaunguza."

Bibi Kadi akaandika. Nikauliza, si kajibu? Ati hapana, Bibi, amerudia sentensi aliyoisikia kwako, mimi nimeuliza jina la kitu. Mimi nimeshika pasi miaka arobaini. Jina lake halijawahi kumwunguza mtu.

Kisha akaleta wanasesere wawili. Mmoja kaweka mpira kapuni, katoka. Wa pili kauhamishia kwenye boksi. Wa kwanza akirudi, atautafuta wapi? Bobini akamtazama mwanasesere kwa muda, akasema: "Pima tena." Ikaandikwa na hiyo. Nikasema mwanasesere hatafuti kitu, ni kitambaa kilichojazwa sufi, tena mshono wa begani umeachia. Bibi Kadi akanieleza polepole, kama anayezungumza na kiziwi, kwamba anapima kama mtoto anaelewa kuwa wenzake wana mawazo yao. Nikamwambia basi ameelewa sawasawa, huyu wa kitambaa hana. Mwanangu akanifinya.

Kwamba ana usonji tulijua zamani. La leo ni jipya: ati hana lugha yake mwenyewe. Anachosema ni mwangwi. Turudi tarehe 25. Asipoweza kujibu maswali mepesi kwa kueleweka, shule yetu ya hapa haitampa kiti, ataandikiwa shule ya bweni ya watoto wa namna yake. Safari ya kutwa nzima kwa basi. Kumwona ni likizo kwa likizo.

Nikamtazama mwanangu. Anaitikia kwa kichwa kama kuku anayedonoa.

Jumanne, 4 Machi

Nimepinda mapazia ya mteja, mita kumi na nane, na kila mita nilikuwa nagombana na Bibi Kadi kichwani.

Lugha yake mwenyewe! Nani anayo? Mkwe wangu akipigiwa simu anasema "niko njiani" naye yuko kitandani, soksi mguu mmoja. Hayo maneno kayatunga yeye? Msibani watu mia wanapita mbele yangu na neno moja lile lile, mume wangu alipokufa nililisikia mpaka likapoteza ladha. Hakuna aliyekuja na kalamu kuwaandika mwangwi. Mimi mwenyewe nimeishia darasa la nne, kila neno ninalolijua nililiokota kwa mtu.

Bobini alikuwa chini ya meza anapanga vifungo. Mwenye duka jirani akachungulia, akaaga, akaenda zake. Bobini: "Huyo ameshachukua nguo zake." Ni neno langu, nalisema mteja akiondoka. Yeye hulisema kwa yeyote anayetoka mlangoni. Alilisema paka alipokufa. Jumapili jioni hulisema mama yake akipanda basi kurudi kwake, naye mama mtu hucheka.

Mkwe kapiga simu jioni. Ati, "Mama, ni kwa faida yake. Kule kuna wataalamu." Namsikia anachokonoa meno huku anasema. Mtoto wake anapelekwa kutwa nzima kwa basi, naye anatafuta nyama jinoni. Nilikata.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeamua. Hawanichukulii mtoto kwa sababu ya kadi.

Wanataka majibu mepesi, watapewa majibu mepesi. Mimi nilifundishwa kushona na mwanamke aliyekuwa na rula ya mbao, na katika miezi sita nilikuwa natia zipu nimefumba macho. Mtoto huyu anashika kila anachosikia. Basi tumjaze yanayotakiwa.

Nimeandika maswali kwenye kadi za boksi la vifungo. Hujambo? – Sijambo, asante. Unaitwa nani? Una miaka mingapi? Unapenda nini? – Napenda shule. Akisema sawa anapata kifungo cha kung'aa. Akileta maneno ya cherehani, namkatiza.

Leo alijikwaa kwenye mguu wa meza, akakunja uso, akasema: "Cherehani imekula uzi." Analisema mara nyingi hilo. Nikamwambia nyamaza, sema vizuri. Akanitazama kidevuni – machoni hatazami – akarudia. Nikasema sema vizuri. Akanyamaza.

Vifungo vitatu amepata. Si haba.

Jumamosi, 8 Machi

Mwalimu Mstaafu kaja kupimwa suti. Nikizungusha tepu kiunoni anavuta pumzi kama anayetaka kupiga mbizi. Nikamwambia toa pumzi, suruali itavaliwa na tumbo, haitavaliwa na heshima yako. Akacheka, tumbo likarudi mahali pake.

Bobini alikuwa anakariri: hujambo, sijambo, asante. Mwalimu akauliza, nikamsimulia. Hapo kafunguka kama bomba bovu. Ati swali hilo ni la zamani sana, Mama. Wapo wasomi wanaosema maana ya neno inakaa kichwani mwa msemaji, kama kitu ndani ya sanduku. Wengine wanasema hapana, usitazame sandukuni, tazama neno linafanya kazi gani kati ya watu.

Nikamuuliza, na nani anajua kama kazi imefanyika?

Akasema: aliyesikia. "Neno moja linataka watu wawili, Mama. Msemaji peke yake hatoshi."

Nikamwambia inua mkono, nipime kwapa. Kwapa lenyewe – basi tu. Mtu amesoma mpaka akastaafu na maji hajasoma yapo.

Lakini lile la watu wawili limebaki linanigonga. Sijui kwa nini. Linaniudhi.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbaya yenye mafanikio.

Asubuhi sindano imevunjika kwenye mshono wa suti ya Mwalimu, pale kitambaa kinapokutana mara nne. Sheria ya chumba hiki naijua kuliko sala: sindano ikivunjika, cherehani inazimwa, hakuna anayetia mguu chini mpaka vipande vyote viwili vipatikane. Kipande cha juu kilibaki kwenye mashine. Cha ncha sikukiona. Nilitazama kidogo tu. Nilikuwa na kadi mkononi na mtoto yuko kwenye swali la nne, anaelekea vizuri, sikutaka kumpoteza. Nitafagia kesho kwa sumaku.

Akafika swali la sita bila kosa. Halafu pasi ikafoka mvuke, akashtuka, akasema: "Cherehani imekula uzi, cherehani imekula uzi." Nikamwambia nini? Sijambo, asante. Yeye: cherehani imekula uzi. Nikachukua rula, nikampiga kiganjani. Moja.

Hakulia. Akasema: "Sijambo, asante. Napenda shule."

Nikampa vifungo viwili.

Nimeandika tu kwa sababu limetokea.

Jumapili, 16 Machi

Wamekuja, mama na baba. Wamekaa kwenye viti vya wateja. Nikamsimamisha Bobini katikati ya chumba.

Hujambo? Sijambo, asante. Jina – la kwenye cheti, nimemfundisha. Miaka saba. Napenda shule. Rangi gani unaipenda? Bluu. Aliposema bluu alikuwa anatazama ukuta, na sijui kama anaipenda bluu, bluu nimemchagulia mimi.

Mwanangu akalia kwa furaha. Mkwe akapiga makofi, akatoa simu, akasema rudia, rudia, kaka yangu aone. Mtoto akarudia mara nne. Mara ya nne hakuna aliyemuuliza kitu, alikuwa anaiambia pasi. Sijambo, asante.

Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi. Lakini kuna kitu kama unapokuta unywele kinywani, unautafuta kwa ulimi na huupati. Niliwahi kuona dirishani sanamu ya mbao imevalishwa gauni nililolishona mimi, limekaa vizuri kuliko kwa mwenyewe. Nikajisikia hivyo hivyo.

Walipoondoka hakusema kwamba wameshachukua nguo zao.

Jumanne, 18 Machi

Hali chakula. Kagusa mkate tu. Anatembea kwa vidole vya mguu, lakini siku zote ana siku zake za kutembea kwa vidole.

Nikamuuliza unaumwa? Sijambo, asante.

Suti ya Mwalimu imekwisha. Amesahau kulipa shukrani, amekumbuka kulalamikia kola.

Jumatano, 19 Machi

Mkono wangu unanichefua ninapouona unaandika.

Asubuhi nilikuta shuka lake lina alama ya njano. Nikashika mguu wa kushoto, akauvuta. Nikauweka mapajani kwangu, nikageuza kisigino. Kimevimba, chekundu, kinang'aa kama nyanya, na katikati tundu dogo jeusi linatoa usaha. Harufu yake ilinifikia kabla jicho halijaelewa. Ngozi yake inawaka homa. Nikamwambia, Bobini, inauma hapa?

"Sijambo, asante. Napenda shule."

Huku machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Uso unalia, mdomo unaniamkia.

Nimembeba mgongoni mpaka zahanati, mimi na magoti yangu. Muuguzi akampasua kidogo, akaingiza kibano, akatoa kitu akakiweka kwenye bakuli la chuma. Kililia ting. Ncha ya sindano. Namba kumi na sita, ya kitambaa kizito. Ninaijua sindano yangu.

Siku saba! Mtoto ametembea na sindano yangu mguuni siku saba. Muuguzi akauliza kwa ukali, mtoto hakusema kama anaumwa? Nikasema hakusema.

Uwongo. Nilimkataza.

Alhamisi, 20 Machi

Homa imeshuka. Anapewa dawa mara tatu, anazimeza bila neno. Hasemi kitu. Wala yangu, wala ya Bibi Kadi.

Nimefunga duka. Chumba kizima nimekipitisha sumaku, kila pembe, nimelala kifudifudi chini ya meza kama mende. Nimepata pini kumi na moja na aibu.

Nilipokuwa pale chini nikaliona doa. Doa la zamani kwenye ubao, chini ya kanyagio. Damu yangu. Miaka mitatu iliyopita uzi ulijisokota, mashine ikavuta, sindano ikanipita kidole cha shahada mpaka upande wa pili. Bobini alikuwa amekaa pale pale na bobini yake. Ana miaka minne, hajatamka neno lolote. Na mimi nilipiga kelele gani? Sikusema nimeumia. Fundi hasemi nimeumia, anataja mashine. Nilipiga kelele: cherehani imekula uzi!

Wiki ile ile ndipo akaanza kusema. Na hilo likawa la kwanza.

Kwa hiyo kila alipojikwaa. Jino lilipomtoka. Pasi ilipomshtua. Alikuwa ananiambia kwa neno langu mwenyewe, lenye damu yangu mwenyewe. Bibi Kadi hakujua, haya, hakuwepo. Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye mtu wa pili wa Mwalimu Mstaafu, nami nikachukua rula.

Mchana nikakaa naye sakafuni. Nikauweka mkono wake kwenye goti langu bovu, nikasema: "Cherehani imekula uzi."

Alizungusha kifungo chake, nikadhani nimemharibu moja kwa moja. Kisha akachukua kidole changu cha shahada. Si goti – kidole, penye kovu. Akakipuliza.

Nikamwacha akipulize tena.

Jioni nimefanya ninachokijua. Daftari hili ni la vipimo, nimpime. Nimeandika kila sentensi yake jinsi ninavyomwandika mteja: ilitoka wapi, anaitumia lini, mara ngapi nimeisikia. Nimeziandika nyuma ya ule ukurasa wa rula, uliobaki mtupu, makusudi, nisije nikauchana siku moja nikajifanya haukuwepo.

Cherehani imekula uzi – ninaumia, au ninaogopa.

Usiguse, inaunguza – kitu hiki nakijua, kina hatari. Kwa Bibi Kadi alijibu sawa.

Huyo ameshachukua nguo zake – ameondoka na sijui kama atarudi.

Funga mlango, mteja hajaja – watu wamezidi, nipeni nafasi.

Pima tena – umekosea hapa. Hilo najiambia kila ninaposhika mkasi juu ya kitambaa cha mtu. Nilimsikia akiwaambia wanasesere.

Ziko ishirini na tatu. Ishirini na tatu, nami nilikuwa nazifuta kwa vifungo.

Jumapili, 23 Machi

Nimegombana na mwanangu, na kwa bahati mbaya hakuwa mjinga.

Nilimweleza yote, nikamwonyesha kisigino. Akalia, akanilaani kidogo, nilistahili. Kisha nikamwambia Jumanne hatakariri. Ataongea lugha yake, mimi nitaeleza.

Akasema: "Mama, wewe na lugha yake mtaishia kituo cha basi. Yule mwanamke hataki maelezo. Anataka mtoto aseme sijambo. Aseme tu, dakika kumi, tupate kiti, halafu mrudi huku mzungumze cherehani mpaka mzeeke."

Nikasema akishasema hayo mbele ya kalamu ya Bibi Kadi, ndiyo yatakayobaki kwenye faili. Shuleni ataulizwa unaumwa, atasema napenda shule.

"Na bwenini atasema cherehani imekula uzi, nani atamwelewa? Wewe hutakuwepo."

Hilo limenipata. Kweli sitakuwepo. Mkwe alikuwa mlangoni anabonyeza simu, akasema kwa upole ambao sikuuzoea, "Mama, mimi hata hizo sentensi sikuzijua. Nilidhani ni kelele." Nikataka kumtukana, nikakumbuka mimi nilizipiga kwa rula.

Walipokuwa wanatoka, Bobini alisimama kwa mguu mmoja mzima na mmoja wa bandeji. Sauti ndogo, ya kwanza tangu zahanati: "Huyo ameshachukua nguo zake."

Mama yake akasimama ngazini. Safari hii hakucheka. Akarudi ndani, akaondoka na basi la mwisho.

Jumanne, 25 Machi

Naandika kwenye benchi lile lile lenye mguu mfupi. Wametutoa nje. Mwanangu kaenda maliwatoni kulia, kama maliwato ile inaruhusu mtu kuvuta pumzi.

Ilikuwa hivi. Tumeingia. Ndizi bado ipo, bado inanata. Bibi Kadi akasema hujambo. Nikaona midomo ya Bobini inajiandaa, nikaona sijambo inakuja kama tapishi, na mwanangu pembeni anamwomba kwa macho aitoe. Mimi sikuangalia pembeni. Niligusa kidole changu, penye kovu. Basi. Hicho tu ndicho nilichofanya, na kama ni kosa ni langu.

Bobini akafunga mdomo. Akanyoosha mguu wa bandeji juu ya meza, katikati ya kadi, akasema: "Cherehani imekula uzi."

Bibi Kadi akaandika. Namjua sasa anavyoandika mwangwi, ni mkwaruzo mfupi. Nikamweleza: anakwambia mguu unauma. Nikamweleza damu, sindano, kisigino. Nikamweleza na zile nyingine. Akasikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha akasema:

"Bibi, nakuheshimu. Lakini ukimpenda mtu, hata akikohoa utasikia maneno. Nitajuaje kwamba hivi sasa si wewe unayezungumza kwa kinywa chake?"

Na kwa wiki mbili nilifanya hivyo hivyo. Sijambo, asante, nani alikuwa anasema kama si mimi?

Akasema angekuwa na kitu kilichoandikwa siku kwa siku, kabla ya leo, mtoto alisema nini na wakati gani, angeweza kukiweka kwenye faili na kuwaomba wenzake wafikirie upya. Bila hivyo ana kadi zake tu, na kadi zimesema bweni.

Ndipo mwanangu, ambaye hajawahi kufumba mdomo penye faida, akasema: "Mama anaandika. Kila siku tangu Baba afariki. Daftari liko mkobani."

Nikamwambia we mtoto. Lakini limeshatoka.

Bibi Kadi akasema tungojee nje, anamalizia fomu, kisha ataliomba alitazame. Daftari hili. Ambalo mume wangu mwenyewe, angefufuka, nisingempa.

Nimelifungua nikasoma. Anaitwa Bibi Kadi kila mahali. Kucha zake zimo. Mkwe na jino lake, kwapa la Mwalimu wa watu, mwanangu na kuku. Hayo yote nitayavumilia, ni ya kweli. Lakini tarehe 12. "Nikachukua rula, nikampiga kiganjani." Na chini yake, vifungo viwili. Na sindano ambayo sikuitafuta. Mwanamke anayeandika mtoto wa nani apelekwe wapi atasoma hayo, na labda hatauliza tena kuhusu bweni, atauliza kuhusu bibi.

Mkasi mdogo ninao, siku zote ninao. Ukurasa ule ungetoka safi, karibu na mshono, asijue. Lakini nyuma yake ndiko kuna sentensi ishirini na tatu. Nilijifunga mwenyewe. Ningeweza kuzinakili, lakini wino mbichi utajulikana, naye ametaka la kabla ya leo.

Nimeweka mkasi kwenye karatasi. Ncha tu.

Bobini alikuwa anazungusha kifungo. Ameacha. Ameutazama mkasi, ametazama daftari, na bila mtu kumuuliza kitu, akasema: "Pima tena."

Nikainua kichwa. Mlango uko wazi. Bibi Kadi amesimama na fomu mkononi, kalamu iko hewani, haandiki. Ametazama mkasi. Amemtazama mtoto. Sijui amesimama pale tangu lini.

Nimerudisha mkasi mkobani. Ananyoosha mkono wake, kucha na vyote. Anasema, "Bibi, daftari."

Nimemwambia angoje kidogo, kuna mstari mmoja wa kumalizia, kisha alichukue lote, na ukurasa wa rula ndani.